Mwenye Duka Akienda Bungeni, Anamsemea Nani?

Makala haya yametokana na aibu niliyoipata mbele ya macho yenu, na wengi wenu mlikuwapo mkacheka. Sina kinyongo na mtu. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi sikuuliza, niliulizwa, na nikakosa jibu.

Mtakumbuka mjadala wa chama chetu cha Kiswahili muhula wa pili, Alhamisi jioni katika bwalo la chakula. Hoja ilikuwa: "Mfanyabiashara afaa kuwa mbunge kuliko mwalimu." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa upinzani. Nilisema mwenye duka akienda bungeni huenda kulipanua duka lake. Nilisema kura anazinunua kwa pakiti za unga na sukari, na akishapita anakaa miaka mitano akirudisha gharama. Mkapiga meza. Basi nikalewa sifa, nikaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliandika kwenye karatasi yangu. "Tena hawa Wahindi waliokuwa na maduka makubwa hapa Nyeri tangu zamani, ni nani kati yao aliyewahi kupigania haki ya mtu nchini hii? Wao ni kuuza tu!" Meza zikapigwa tena, na vijiko pia.

Ndipo akasimama kijana wa kidato cha pili, mdogo wa mwili, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, ningependa kumwuliza msemaji, je, anamjua Jeevanjee?"

Nikajibu papo hapo, "Namjua sana! Si ni pale Nairobi watu wanalala kwenye nyasi wakingoja matatu?"

Bwalo zima likaangua kicheko, na nikaketi kama shujaa. Lakini mwalimu wetu wa Historia hakucheka. Alisimama akasema kwa upole, "Bustani hiyo ina jina la mtu. Mtu huyo alikuwa mfanyabiashara, na aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi hii zaidi ya miaka thelathini kabla ya Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Msemaji aende akasome." Kicheko kikabadili njia, kikaja upande wangu. Upande wetu ulishindwa siku ile, na nilijua walioshindwa walishindwa kwa sababu ya mdomo wangu.

Basi nilienda nikasoma. Niliyoyapata yamenibadilisha mawazo, lakini yamenibadilisha nusu tu. Nusu hizo mbili ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856. Wakati huo Karachi ilikuwa India chini ya Waingereza. Leo ni mji wa Pakistani. Katika ujana wake alitoka kwenda kutafuta riziki, akafika mpaka Australia, akafanya biashara huko Adelaide. Baadaye kampuni yake ikaanza kazi na Waingereza waliokuwa wakiingia Afrika Mashariki. Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896, Jeevanjee alikuwa mmoja wa makandarasi wake: alileta vibarua na chakula, na watu wake walikata miamba na kusawazisha njia.

Hebu tusimame kidogo kwenye reli hiyo, maana wengi wetu tunaikariri kwa ajili ya mtihani tu. Wahindi walioletwa kuijenga walikuwa karibu 32,000. Waliokufa kazini, kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo, walikuwa 2,493. Waliobaki nchini baada ya kazi walikuwa kama 6,700. Wengine wote walirudi kwao. Kwa hivyo mtu akisema Wahindi walikuja nchi hii kuuza tu, kama nilivyosema mimi, anawasahau waliozikwa kando ya reli kabla hawajauza hata kiberiti.

Turudi kwa Jeevanjee. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, yeye alikuwa tayari kuujenga mji. Alijenga nyumba, maduka na soko. Mwaka wa 1902 alianzisha gazeti huko Mombasa, likaitwa African Standard. Naam, gazeti hilo ndilo mzazi wa hili Standard tunalopigania kulisoma katika maktaba, kurasa za michezo zikiwa zimeshachanika. Mwaka wa 1906 wakazi wa Nairobi wakapata kwake bustani, ambayo inaitwa Jeevanjee mpaka leo, na ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Victoria.

Sasa tufike kwenye siasa. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka wa 1907, na wajumbe wote walikuwa wazungu. Wahindi walikuwa wengi kuliko wazungu, walikuwa wakilipa ushuru na kodi, na biashara ya nchi ilikuwa mikononi mwao kwa sehemu kubwa. Lakini hawakuwa na mtu. Wakalalamika, na kufikia mwaka wa 1910 Jeevanjee alikuwa ameteuliwa na kuketi barazani, mtu wa kwanza asiye mzungu. Fikirieni, wanafunzi wenzangu: chumba kizima ni walowezi na maofisa wa serikali, na wewe ni mmoja. Ukipiga kura, umeshindwa kabla hujainua mkono. Hata mimi niliyekuwa na wasemaji wenzangu wawili nilitetemeka mbele yenu.

Alifanya nini humo? Kikubwa ni kwamba hakukubali kuwa pambo. Alipoona kwamba barazani hawamsikilizi, aliyapeleka malalamiko London mwaka huo wa 1910, akayasema kwenye gazeti la huko: kwamba Mhindi ananyimwa ardhi katika nyanda za juu, kwamba anatengwa mjini, kwamba sheria moja inampima mzungu kwa kipimo kimoja na Mhindi kwa kingine. Mwaka wa 1912 akachapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Alipotoka barazani, miaka ilipita kabla ya Mhindi mwingine kuingia. Mwaka wa 1914 lilipoundwa kongamano la Wahindi wa Afrika Mashariki, yeye alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu huyu angeweza kukaa kimya. Kandarasi zake zilitoka kwa serikali ile ile aliyokuwa akiilaumu. Mwenye duka akigombana na mnunuzi wake mkubwa, duka linaumia, na ndiyo maana tuna msemo kwamba biashara haigombi. Yeye aligomba. Alipokufa mwaka wa 1936, utajiri wake mwingi ulikuwa umekwisha. Kwa hivyo nayafuta maneno yangu ya Alhamisi ile. Yupo aliyepigania haki, tena alikuwa mwenye duka, na siasa haikumwongezea duka. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza.

Nusu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Katika maneno yale yale aliyoliambia gazeti la London mwaka wa 1910, Jeevanjee alisema angependa nchi hii iondolewe chini ya wizara ya makoloni iwekwe chini ya serikali ya India. Alisema ikifunguliwa kwa Wahindi, kwa miaka michache tu itakuwa India ya pili. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatazama nje. Kutoka dirisha la maktaba yetu asubuhi isiyo na mawingu mnaona Kirinyaga. Nikajiuliza, India ya pili? Na sisi je? Katika hesabu ile ya 1910, Guka wa guka wangu alikuwa wapi?

Mtaniuliza, mambo ya Nairobi na London yanatuhusu nini sisi wa huku Nyeri? Yanatuhusu sana, maana ile ardhi ya nyanda za juu waliyokuwa wakiigombania ni pamoja na hii tunayoikanyaga na ile tunayoiona tukipanda matatu kwenda Naro Moru na Nanyuki. Kituo cha Nyeri kiliwekwa na Waingereza mwezi wa Desemba mwaka wa 1902, baada ya vita na watu wa Tetu. Walowezi wakachukua mashamba upande wa Kieni na Laikipia. Mwaka wa 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni huko London, alikubali kwamba katika nyanda za juu Mhindi asigawiwe ardhi. Wahindi wakakasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu ulikuwa ubaguzi mtupu. Lakini tazameni ugomvi wenyewe ulivyokuwa. Mlowezi anasema shamba ni langu peke yangu. Mhindi anasema hapana, nami nina haki ya kulinunua. Na mwenye shamba amesimama pale kando na kipande shingoni, hakuna anayemwuliza. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Ugomvi huo uliendelea mpaka mwaka wa 1923, serikali ya Uingereza ilipotoa waraka uliosema kwamba katika Kenya maslahi ya Mwafrika ndiyo yatakayotangulia. Maneno matamu! Lakini kiti hakikutolewa. Mwaka wa 1924 Mwafrika aliwekewa mzungu, mmisionari, amsemee barazani. Mwafrika mwenyewe, Eliud Mathu, hakuingia mpaka Oktoba mwaka wa 1944, na Mathu alikuwa mwalimu (hapo upande wangu wa mjadala ungepata pointi, kama ningalikuwa nimesoma mapema). Kutoka 1910 mpaka 1944 ni miaka thelathini na minne.

Nilipofika hapo nilikuwa na hasira, na likizo ilipofika nilienda nayo nyumbani. Guka wangu ana duka dogo nje kidogo ya mji wa Karatina. Alilifungua mwaka wa 1964, na sasa ndugu yangu mkubwa ndiye anayeuza, lakini Guka bado hukaa pale mlangoni kwenye kiti chake, na hakuna mtoto anayepita bila kusalimu. Nikamsimulia habari za Jeevanjee na India ya pili, nikitarajia atakasirika kuliko mimi. Yeye alikulia katika kijiji cha wakati wa Hali ya Hatari, chenye handaki na seng'enge, kwa hivyo habari za ardhi hazihitaji kufundishwa na mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa wewe umekasirikia mtu aliyekufa kabla mimi sijazaliwa."

Nikamwambia, "Lakini Guka, hakutuhesabu!"

Akanyamaza kidogo, halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Alipoanza biashara alikuwa hana mtaji. Zamani za ukoloni kulikuwa na sheria iliyofanya iwe vigumu kumdai Mwafrika deni kubwa mahakamani, kwa hivyo wenye maduka ya jumla hawakutaka kumkopesha. Sheria ikaondoka, lakini mazoea yalibaki. Guka alizunguka mjini Nyeri maduka yote ya jumla akiomba mali kwa mkopo, akafukuzwa. Duka la mwisho lilikuwa la Mhindi mmoja mzee. Mzee yule alimtazama viatu, akamtazama mikono, akampa magunia mawili ya sukari na katoni ya sabuni bila karatasi yoyote. "Akaniambia niende, nilipe mwisho wa mwezi," Guka alisema. "Nikalipa. Mwezi uliofuata akanipa matatu. Tulienda hivyo miaka kumi na mmoja."

Nikasema, "Basi alikuwa rafiki yako."

Guka akacheka. "Rafiki? Miaka kumi na mmoja, hata chai hakunipa. Jina langu hakulijua. Alikuwa akiniita Karatina. 'Karatina, leo nataka sukari ngapi?' Alikuwa anajua deni langu mpaka senti, lakini jina, hapana."

Nilitaka kusema "Umeona!" lakini Guka aliinua mkono. "Ngoja. Mimi pia sikujua lake. Nilikuwa namwita Muhindi. Siku moja nikaenda nikakuta duka limeuzwa, wamehama. Nikataka kuwauliza majirani amekwenda wapi, na nikashindwa niulize nani."

Hapo hasira yangu ikapungua, na fikira zikaanza. Kwa maoni yangu, jambo hilo la Guka na yule mzee ndilo hilo hilo la Jeevanjee na nchi hii. Mfanyabiashara ana macho makali sana kwa kile kilicho ndani ya hesabu yake. Kilicho nje ya hesabu hakioni, hata kikiwa kimesimama mbele ya kaunta. Jeevanjee aliingia barazani na mizani ya dukani, na mizani ile ilikuwa ya haki: Mhindi huku, mzungu kule, akasema haziko sawa, na alikuwa anasema kweli. Kosa lake ni kwamba alidhani waliomo kwenye mizani ndio watu wote waliomo nchini. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Najua kuna watakaonipinga, na chama chetu ni cha mjadala, kwa hivyo nitaanza kuwajibu mapema.

Wa kwanza atasema: "Unamhukumu mtu wa 1910 kwa akili za leo. Zama zile kila mtu alipigania watu wake." Hoja hii ina nguvu, na niliifikiria sana. Lakini tuangalie miaka iliyofuata mara moja. Mwaka wa 1921 Harry Thuku alipoanza kutetea Waafrika mjini Nairobi, aliyemsaidia kwa ofisi na kwa mtambo wa kupiga chapa alikuwa Mhindi, Manilal Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle. Tarehe 23 Aprili mwaka wa 1950, Makhan Singh alisimama Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru wa nchi hizi, na kwa ajili ya msimamo wake akafungiwa zaidi ya miaka kumi na mmoja bila hukumu ya mahakama. Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi, familia yake ikitoka Goa. Alifungwa wakati wa Hali ya Hatari kwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, akawa mbunge, akauawa kwa risasi tarehe 24 Februari mwaka wa 1965. Hawa walikuwa na hesabu pana zaidi. Kwa hivyo lilikuwa jambo linalowezekana. Lakini hapa pia Jeevanjee ana haki yake: njia ya kumwambia Mwingereza "hapana" barazani, yeye ndiye aliyetangulia kuipita kati ya wasio wazungu. Waliokuja nyuma walikuta nyayo.

Wa pili atasema: "Hizo ni habari za Wahindi. Sisi wabunge wetu ni wa kwetu, wanatujua." Kweli? Wenzangu, nani kati yetu hajamwona yule tajiri wa kwetu, aliyepata mali kwa magari au mbao au majani chai, anavyokuja wakati wa kura? Anajua soko la Karatina siku za soko. Anawajua wenye maduka, wenye matatu, na wenye pesa za harambee. Lakini anamjua yule mama anayeuza sukumawiki kwenye gunia lililotandikwa chini, ambaye hana kibanda, na mvua ikinyesha anafunga biashara? Anamjua kijana anayechuma majani chai ya mtu mwingine? Kuwa wa kabila moja na mtu si kumweka kwenye hesabu. Na tena, tangu Julai mwaka wa 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi hii. Kwa hivyo ule mpaka wa "hao" na "sisi" nilioutumia siku ya mjadala ulikuwa umeshafutwa, na mimi nikiwa na makosa pande zote.

Lipo jambo moja jingine ambalo nataka wenzangu wa idara ya uhariri walitilie maanani. Nilisema Jeevanjee alianzisha gazeti. Mwaka wa 1905 aliliuza. Wanunuzi wakalibadilisha jina likawa East African Standard, na likawa sauti ya walowezi, wale wale aliokuja kupambana nao barazani miaka michache baadaye. Kama mfanyabiashara labda aliuza kwa bei nzuri. Kama mtu wa siasa aliuza mdomo wake kabla hajajua atauhitaji, na ndipo akalazimika kwenda kutafuta gazeti la kusemea huko London. Tuna magazeti, redio na simu za kila aina siku hizi. Mwenye duka atakayekwenda bungeni na ajue kwamba vipo vitu ambavyo bei yake huonekana baada ya kuviuza.

Na bustani je? Bustani hakuiuza, na pengine ndiyo maana jina lake halijapotea. Mwaka wa 1989 mama yetu wa hapa Nyeri, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alisimama imara kuzuia jumba la ghorofa sitini lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Mwaka wa 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee: kukawa na mpango wa kuijenga bustani ile. Mjukuu wa mzee, Zarina Patel, akaongoza upinzani, na bustani ikapona. Baadaye aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya babu yake. Ile sanamu ya Malkia Victoria ilivunjwa na watu wasiojulikana mwaka wa 2015, lakini nyasi zipo, na wanaolala pale wakingoja matatu ni Wakenya wa kila aina. Mzee alitaka India ya pili. Badala yake alituachia mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuketi bila kuulizwa kabila wala kiingilio. Kwa hakika zawadi yake ilikuwa na hesabu pana kuliko hotuba zake.

Sasa nisiwachoshe. Maoni yangu ni haya. Mfanyabiashara anaweza kuwa mbunge mzuri, na mwalimu pia, na hata mwalimu anaweza kuwa mbaya. Kazi aliyotoka nayo mtu haitoshi kutuambia. Wanaotaka kutusemea, wakubwa kwa wadogo, tuwaulize swali moja: "Mbali na wateja wako na jamaa zako, ni nani mwingine utakayemsemea, na jina lake unalijua?" Akianza kusema "wananchi wote", tumwambie wananchi wote ni jina la nani?

Swali hilo lianze hapa hapa shuleni. Mwaka jana katika uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, mgombea mmoja alituzungushia mandazi wakati wa masomo ya usiku. Tuliyala, mimi nikiwemo, na tukampa kura. Hakuna aliyemwuliza atawasemea vipi wale wanaorudishwa nyumbani kwa karo, ambao siku ya kura hawakuwapo na mandazi hawakuyapata. Wao hawakuwa wateja.

Kuhusu mimi, niliporudi shuleni muhula huu nilimtafuta yule kijana wa kidato cha pili nimshukuru. Nilishangaa kugundua kwamba siwezi hata kumwulizia, kwa kuwa sikujua anaitwaje. Tunakula bwalo moja mwaka wa pili huu, na nilikuwa nikimwita "wewe wa meza ya mwisho". Nilimpata kwenye mfereji akifua soksi. Nikamwomba msamaha kwa ule mzaha wa matatu, na nikamwuliza jina. Akaniambia, akaniuliza langu pia, ingawa alikuwa akilijua.

Mjadala uendelee.